Chini ya Mashine ya Fulgensi

Mashine ya mpunga ilianza kugonga, gunia la Margareta likiwa nusu. Kwanza ilikuwa kama mtu anabisha hodi nyumba ya pili, ko, ko, ko, halafu ikachanganya mpaka vumbi likawa linamwagika kutoka kwenye mabati. Fulgensi alikimbilia injini akafunga mafuta. Mkanda ukapigapiga hewa, ukasimama. Wanawake waliokuwa wamekaa nje na mpunga wao wakageuka wote kutazama mlango wa banda.

Margareta alikuwa mwanamke wa Kibaoni, mnene, mdomo wake haujui kupumzika. Aliingiza mkono kwenye debe, akachota mchele, akaupuliza pumba, akamgeukia Fulgensi.

"Baba Rosa, huu ni mchele au chakula cha vifaranga?"

"Mpunga wenyewe umekauka mno, mama. Umeuacha sana juani."

"Na wa Digna wa juzi? Na huo niliuacha mimi juani? Mume wake kamwuliza kama siku hizi wanakoboa kwa nyundo."

Nje wakacheka. Mmoja akainuka, akajitwisha mpunga wake bila kuaga. Mwingine akamfuata. Walikuwa wanakwenda kwenye mashine ya dukani, ambako foleni inakula siku nzima lakini mchele unatoka mzima.

Balbina, mke wa Fulgensi, ndiye aliyekuwa anapokea mpunga mlangoni. Hakuwaita warudi. Alikuwa anatazama kona moja ya sakafu, pale msingi wa mashine ulipogusana na ukuta wa nyumba. Sauti ilikuwa inatoka upande ule. Alikuwa ameisikia tangu wiki iliyopita, kabla haijawa kubwa, na alikuwa anajua kilichozikwa pale. Mume wake hakujua.

Mtoto wao wa pili, aliyemfuata Rosa, alizaliwa masika ya mwaka uliopita, maji yamefunga njia zote, akafa kabla hajaoshwa. Kwa desturi ya wanawake wa kwao, mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini wala haliliwi na mtu. Wanawake wanamzika wenyewe nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi, mahali maji ya paa yanapodondoka, ili ardhi ikae baridi na tumbo la mama lisikauke. Mwanaume haonyeshwi. Aliyechimba alikuwa Apolonia, mama yake Fulgensi. Balbina akavushwa mto kwenda kwa mama yake akapate nguvu. Aliporudi, Fulgensi alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, anacheka peke yake. Banda jipya la mabati. Sakafu ya simenti. Juu ya simenti, mashine ya kukoboa mpunga na injini yake, mali iliyomaliza ng'ombe wote wa marehemu baba yake. Mchirizi haukuwepo tena. Pale palipotakiwa baridi paliwekwa moto na kutikiswa kutwa nzima, na tangu siku hiyo tumbo la Balbina halikupokea kitu.

Fulgensi alifuta mikono kwenye kaptula.

"Ni mkanda tu," aliwaambia wanawake waliobaki. "Nendeni, mrudi kesho."

"Kesho ya nani?" alisema Margareta, akabeba gunia lake na chenga zake.

*

Kilichomkosesha Fulgensi usingizi hakikuwa Margareta. Ilikuwa shule ya bweni. Sista wa jikoni alikuwa amekubali kumpa mpunga wa shule nzima, msimu wote, na mkokoteni wa kwanza ungefika Alhamisi ya wiki inayofuata. Alimwambia kitu kimoja: mchele uwe mzima. Ukiwa chenga, mkokoteni utageuzwa kwenda dukani na hautarudi tena.

Asubuhi akamleta Hermenegildi. Huyu alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kupasua mbao huko Kilosa, na kila alichokijua alikisema kwa sauti. Alifika na spana zake ndani ya gunia, akaomba togwa kabla ya kuuliza ugonjwa.

"Mashine ni kama mgonjwa mwongo," alisema. "Anashika tumbo, kumbe anaumwa jino. Washa."

Fulgensi akazungusha handeli mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Injini ikakohoa, ikakubali. Hermenegildi akavua mkanda, akaiacha injini iende peke yake. Ikaunguruma vizuri, bila kugonga.

"Injini haina kesi. Rudisha mkanda."

Mkanda uliporudi, ko, ko, ko. Hermenegildi akachukua spana ndefu, akagusisha ncha kwenye chuma cha mashine na mwisho wake akauweka kwenye mfupa wa sikio. Akasikiliza huku, akahamia kule, macho kafumba kama mtu anayepokea komunyo.

Balbina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha togwa. "Itakuwa mkanda," alisema.

"Eeh, shemeji naye keshakuwa fundi."

"Kama injini ikiwa peke yake haigongi, na mkanda ukirudi inagonga, si mkanda?"

Hermenegildi akamtazama, akamgeukia Fulgensi. "Mkeo ana akili. Ulimtoa wapi?"

"Angalia mkanda," alisema Fulgensi.

Mkanda ulikuwa umeungwa kwa pini, na pini mbili zimechomoza. Hermenegildi alizitoa zote, akaushona upya kwa ukanda wa ngozi ya kiboko uliolowekwa maji. Kazi hiyo ilimaliza mchana. Balbina alimletea wali na samaki, akamwongeza mchuzi bila kuombwa. Kila sindano ilipopita kwenye ngozi yeye alikuwa anaomba moyoni iwe hapo, iwe kwenye mkanda, kitu kinachoning'inia juu, mbali na sakafu.

Waliwasha. Ikagonga vilevile.

"Basi jino siyo hili," alisema Hermenegildi. "Kesho tutafungua bushi."

*

Bushi, ile pete ambamo shafti ya mashine inazungukia, ilikuwa imelika upande ulio mbali na injini. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Hermenegildi aliingiza kucha kwenye uwazi akamwonyesha Fulgensi, na Fulgensi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Margareta aondoke. Lakini bushi mpya ingetoka Dar es Salaam, na Alhamisi isingeingoja. Ilibidi wayeyushe madini ya risasi, wayamwage mahali pake. Risasi inapatikana kwenye betri mbovu ya gari.

"Mimi naenda," alisema Balbina.

"Wapi?"

"Kivukoni. Kwa madereva wa malori."

"Mwanamke anaenda kuomba betri kwa madereva?"

"Wewe ukienda watakuuzia. Mimi watanipa wanicheke."

Ndivyo ilivyokuwa. Malori yalikuwa yamepanga yanangoja pantoni, na madereva wamelala chini ya vivuli vya matairi. Mmoja alimwuliza kama betri anaipika kwa nazi. Mwingine akasema atampa betri nzima na dereva wake juu. Balbina alisimama, kichwa kakiinamisha, mpaka walipochoka kujifurahisha. Tandiboi mmoja akachimbua betri iliyopasuka chini ya turubai akamtupia miguuni. Aliifunga kwenye kanga akaibeba kichwani njia yote hadi nyumbani. Maji makali ya betri yakatoboa kanga, yakamuunguza shingoni.

Hermenegildi aliyeyusha risasi kwenye kopo, akaimwaga kuzunguka shafti, akaiacha ipoe, akaikwangua kwa kisu taratibu kama anayemnyoa mzee. Wakawasha. Mashine ikazunguka, kimya, chuma kinateleza tu. Fulgensi alimpiga Hermenegildi begani. Balbina alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mwaga mpunga," alisema Hermenegildi.

Fulgensi akamwaga debe moja. Mashine ikauma mpunga, mkanda ukavuta, na kutoka chini ikaja tena. Ko. Ko. Ko.

*

Apolonia alikuwa anaishi chumba cha mbele. Jioni ile Balbina alimkuta anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujafa bado na hizo betri zako?"

Balbina alichuchumaa. "Mama, wanakaribia. Mkanda wameshona, bushi wametengeneza. Kimebaki chini."

Bibi aliendelea kupepeta. "Wataona matope. Watu wanaona matope kila siku."

"Wataona mtoto."

"Usimwite hivyo. Hakuwa na jina."

"Alilia."

Ungo ukasimama. "Hakulia, mke wa mwanangu. Alitoa hewa. Maiti pia inatoa hewa. Angelia ningemwagia maji ya ubatizo mimi mwenyewe, nami nisingekuwa na kesi na Mungu wala na wewe."

"Ulikuwepo hapa wakati anajenga. Ulimwacha."

"Nilimwambia ajenge upande wa choo. Akasema wateja hawatapenda harufu. Nimwambie nini tena? Mama mtu asimame amwonyeshe mwanawe mahali pa namna ile? Kuna siku umesikia?" Akamwaga pumba chini. "Nikasema basi, atajenga, na wewe utanyamaza, na tutakula. Hujala?"

"Nimekula."

"Basi."

Balbina hakuondoka. "Wakimtoa wale wanaume kwa mtaimbo, mimi nitakuwa sina kitu tena, mama. Wala huko chini, wala humu," akagusa tumbo. Bibi hakumtazama. Alikuwa anaokota chenga moja moja kwenye ungo.

*

Jumamosi, Fulgensi mwenyewe ndiye aliyeona. Balbina aliingia na togwa. Fulgensi alichukua kikombe, lakini mikono ilikuwa na grisi, akakiweka kwanza juu ya msingi wa mashine apate kujifuta. Mashine ilikuwa inazunguka na mpunga ndani. Togwa ikaanza kumwagika. Ilimwagika upande mmoja tu, kila mashine ilipogonga, upande wa ukuta.

"Herme, njoo uone."

Hermenegildi alikuja, akatazama, akakihamisha kikombe pembe nyingine. Togwa ikainama ukutani vilevile. Alizima injini mwenyewe. Akachukua nyundo akapiga sakafu karibu na mlango. Pakalia gumu. Akapiga katikati, gumu. Akapiga konani. Pakalia kama ngoma iliyolowa.

"Nati zote zimekaza," alisema. "Mashine imeshika msingi vizuri sana. Ila msingi haukushika kitu. Ukitia mzigo, mashine yote inainama huku, shafti inapinda, inagonga. Na mchele unavunjika kwa sababu hiyohiyo." Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa mwembamba. "Ulichimba msingi kweli, Fulgensi?"

"Nilichimba."

"Na hapa ukutani?"

Fulgensi alijikuna kidevu. "Hapo nilikuta udongo umeshatifuliwa. Laini. Nikajua mama alipanda maboga. Nikausawazisha tu nikamwaga."

"Ukausawazisha tu." Hermenegildi akacheka mpaka akakohoa. "Mtu anauza ng'ombe zizi zima, anaweka mali yake juu ya bustani ya maboga. Haya. Dawa ni ndogo. Tunavunja kona hii, tunachimba mpaka udongo mgumu, tunashindilia mawe, tunamwaga simenti. Ikikaa mpaka Jumatano imeshika. Lete mtaimbo."

Fulgensi akauleta. Hermenegildi akatemea viganja mate, akauinua.

"Shemeji, ngoja kwanza," alisema Balbina.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Nina neno na Baba Rosa. Nje."

"Si useme hapa," alisema Fulgensi.

"Nje."

*

Alimwambia nyuma ya choo, amempa mgongo, anakwaruza tope la ukuta kwa kucha. Alimwambia kwa maneno machache. Fulgensi alisikiliza mdomo uko wazi. Balbina alipomaliza, Fulgensi alikaa chini hapohapo, juu ya majani.

"Na nimekuwa nikisimama hapo," alisema. "Mwaka mzima. Na viatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia nisijenge?"

"Nilikuwa ng'ambo ya mto natoka damu."

"Ulivyorudi."

"Nilivyorudi, ungeibomoa?"

Fulgensi aling'oa majani mkono mzima. Akayatupa. "Mama alikuwepo," alisema mwishowe.

"Mama alikuambia ujenge huku tulipo."

"Hakusema sababu."

"Haisemwi."

Kule bandani Hermenegildi alikuwa anapiga mluzi.

"Waite wanawake," alisema Balbina. "Mama na wengine wawili, waje watoe kwa heshima. Kisha mchimbe mnavyotaka."

"Wanawake wengine nani? Margareta?" Fulgensi alisimama. "Fikiri kidogo, Mama Rosa. Ukiita mmoja, kabla ya jua kuzama mji mzima unajua Fulgensi anakobolea watu mchele juu ya maiti. Nani atakula? Sista atakula? Hapo hatuna mashine, hatuna ng'ombe, hatuna kitu. Tutamlisha Rosa hiyo desturi?"

"Unataka nini basi?"

"Nitachimba mimi."

"Mwanaume hachimbi pale."

"Mwanaume ameshapajua. Umeniambia wewe mwenyewe. Lililofunguka limefunguka."

Balbina alilia hapo, bila sauti, mabega tu. Fulgensi alitaka kumgusa, akatazama grisi mikononi mwake, akaacha.

"Utanipa mimi," alisema Balbina. "Chochote utakachokuta. Utanipa mkononi mwangu."

"Nitakupa."

Kikabaki cha Hermenegildi. Fulgensi alirudi bandani akamwambia kazi imeishia hapo.

"Imeishia wapi? Dawa tumeipata sasa hivi."

"Nitamalizia mwenyewe."

Hermenegildi alitua mtaimbo. "Sema tu huna hela."

Fulgensi aliuokota mtaimbo, akauegemeza ukutani. Hela ya fundi ilikuwa ndani, ndani ya kopo la majani ya chai. "Ndiyo," alisema. "Zimepungua."

"Ndiyo maana mkeo kakuita nje. Mwanamke ndiye anashika mfuko hapa." Hermenegildi alikusanya spana zake moja moja, hana haraka. Alipotoka alipitia kilabuni, na jioni ile watu walikuwa wanajua kwamba Fulgensi wa mashine ameshindwa kumlipa fundi, na kwamba akitaka kufanya kitu lazima aombe ruhusa nyuma ya choo. Walimwimbia alipopita kununua simenti. Aliwaitikia salamu.

*

Jumapili, watu walipokwenda misa, Fulgensi alijifungia bandani. Apolonia alikuwa kanisani na Rosa. Balbina alibaki jikoni, hakuwasha moto.

Simenti ya kona ilivunjika kirahisi, nyembamba kama ukoko wa ugali. Alilisogeza jiwe la chini kwa mtaimbo, akaweka mtaimbo pembeni. Kuanzia hapo alitumia jembe, na baada ya jembe akatumia mikono. Udongo ulikuwa mweusi, wenye maji. Alichota, akavunja kila bonge kwa vidole, akaweka kando. Jasho liliingia machoni na hakuthubutu kujifuta kwa mkono ule.

Alichimba mpaka kiwiko. Hakukuta kitu. Akachimba mpaka bega, amelala kifudifudi, shavu kwenye simenti. Akakuta mapito ya mchwa, mengi, yameviringika kama utumbo, na maji yanachuruzika taratibu kutoka upande wa ukutani. Alipanua kulia, akapanua kushoto. Hapakuwa na nguo. Hapakuwa na mfupa hata wa kuku. Ardhi ile kila masika inalewa maji na kila kiangazi inapasuka, na mchwa hawana siku ya kupumzika. Ilikuwa imekula yote.

Alikaa ukingoni mwa shimo. Kengele ya kanisa ilipigwa, akajua misa iko katikati. Upande wa kushoto wa shimo kulikuwa na udongo ambao bado hakuugusa, unaingia chini ya ukuta wa nyumba. Labda huko. Akichimba huko ukuta utashuka. Na akimwambia Balbina hakuna kitu, Balbina atasema chimba huko, na akisema hachimbi, ataingia mwenyewe ndani ya shimo na kucha zake. Alhamisi itafika na shimo liko wazi.

Fulgensi alisimama. Kwenye msumari kulikuwa na kipande cha kaniki alichofutia mafuta. Alikichovya kwenye maji ya shimo, akakikanyagia matope mpaka rangi ikapotea. Akachagua bonge la udongo, lenye urefu wa mkono hivi, akalizungushia kaniki taratibu sana, akakunja huku na huku. Alipolinyanyua alijikuta amelibeba kwa mikono yote miwili, kiwiko kimeinuliwa, kama lina kichwa.

Alimkuta Balbina amesimama nyuma ya mlango.

"Nimempata," alisema Fulgensi.

Balbina alipokea. Hakufungua. Alitazama nguo kwa muda. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kipande cha kanga yake ya harusi, nyekundu, yeye mwenyewe ndiye aliyeichana siku ile kwa meno kwa sababu wembe haukuonekana. Kaniki hii ilikuwa inanuka dizeli.

Aliinua macho akamtazama mume wake. Alikuwa na matope mpaka kwenye nywele. Sikio moja lilikuwa limejaa udongo. Kucha mbili zilikuwa zimenyofoka, zinatoka damu, na alikuwa anajaribu kuzificha kwenye kaptula.

"Haya," alisema Balbina.

*

Apolonia aliporudi misani hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alichukua jembe, wakapita nyuma ya mashamba kwenda kwenye kijito, mahali ambapo matete yanakaa mabichi hata kiangazi. Balbina alibeba. Walikutana na mama mmoja anatoka kuteka maji, akawauliza wanakwenda wapi siku ya Bwana na jembe, Apolonia akamwambia wanatafuta dawa ya mgongo.

Bibi alichimba kwa kupiga magoti, kidogo kidogo, anapumzika. Shimo lilipotosha akanyoosha mikono. "Nipe."

Balbina akampa. Bibi alipapasa ile nguo. Vidole vyake vilikwenda kwenye pindo, vikarudi, vikatafuta tena. Akainusa.

"Mke wa mwanangu," alisema polepole. "Hii siyo ile nguo ya—"

"Ndiye, mama."

"Mimi nilimfunga kwa mikono yangu."

"Ndiye. Zika."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akaliweka lile bonge shimoni, kwa ubavu, kama inavyotakiwa, na akachota maji ya kijito kwa kiganja akayadondosha juu yake, tone kwa tone, midomo inasema maneno ya padre ya ubatizo, bila sauti. Alikuwa hajawahi kuyasema. Balbina alipoyatambua midomoni mwake akaachia. Alilia kwa sauti yote, kama watu wanavyolia msibani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze.

*

Jua lilipoanza kulala, Fulgensi alikuwa bandani anakoroga simenti na mchanga kwa koleo. Alikuwa ameshashindilia mawe kwenye shimo, ameyapigapiga mpaka hayatikisiki. Kazi nzuri. Alhamisi mashine ingekoboa magunia yote ya shule bila kugonga hata mara moja, mchele mzima, mweupe, na sista angeuchota kwenye kiganja na kutikisa kichwa kwa furaha. Hermenegildi angesema yeye ndiye aliyeitengeneza. Margareta angerudi wiki iliyofuata na magunia yake na mdomo wake.

Balbina aliingia, kanga imelowa mpaka magotini. Alisimama juu ya shimo. Kati ya mawe na ukuta palikuwa na udongo mweusi unaonekana, ule ambao haukuguswa, unaingia chini ya nyumba. Aliutazama. Fulgensi alimwona anautazama, koleo likasimama mikononi mwake.

"Mama Rosa," alisema.

Balbina alichukua ndoo, akamimina maji kidogo kwenye mchanganyiko, pale ulipokuwa mkavu.

"Mwaga," alisema.

"Nilitaka nikuambie—"

"Mwaga, Baba Rosa. Mwaga kabla sijakuuliza."

Fulgensi akajaza koleo, akamwaga.